Mkasi wa fundi upimwe kwa rula, usipimwe kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili jambo la mafundi wa kazi za mikono na begi la mkononi kwenye ndege, maana kila siku tunasoma habari za viwanja vipya, ndege mpya, safari mpya, ila huyu mtu anayesafiri na kikapu chake cha uzi, sindano, ushanga na ukili hakuna anayemwandikia, na yeye ndo anayechukuliwa vitu vyake pale kwenye meza ya ukaguzi halafu anaambiwa songa mbele mama, kuna watu nyuma.

Mimi ni fundi wa kofia, nipo Zanzibar, nashona za kiua kwa mkono. Wanaojua hii kazi wanajua kwamba kofia moja nzuri haiishi wiki moja wala mbili, kila kitundu unakizungushia uzi kwa sindano mpaka kikae sawa na mwenzake, na ndo maana mwanamke anayeshona kofia hatembei bila kazi yake, anashona kwenye daladala, anashona kwenye boti ya kwenda Dar, anashona msibani akiwa amekaa na wenzake, sasa akipanda ndege akae humo masaa matano kwenda Muscat kwanini akae mikono mitupu? Na si kofia tu. Kuna mama wa vitambaa vya makochi na kroshia yake, kuna msusi anayekwenda kusuka maharusi, kuna wachora hina, kuna vijana wa makubadhi, wachongaji, watu wa Tingatinga. Wote hawa siku hizi wanapanda ndege. Wanakwenda Sabasaba, wanakwenda maonesho ya Juakali Nguvukazi yanayozunguka nchi za Afrika Mashariki, wengine wanaalikwa Ulaya na Marekani kabisa kufundisha, na wengi wanakwenda tu kuwaona watoto wao Oman, Uingereza au Canada na kazi wanabeba.

Sasa nieleze kilichonifanya nichukue simu niandike. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa anasafiri, mwanawe kajifungua huko Ghuba, kwenye begi la mkononi ana kofia ambazo hazijaisha, pakiti ya sindano za kushonea, uzi, na kimkasi kidogo cha kukatia uzi ambacho makali yake hayafiki hata urefu wa kidole cha mwisho. Kwenye uwanja mmoja, jina silitaji, wakachukua sindano zote na mkasi, wakatupa kwenye pipa la plastiki mbele yake. Aliuliza kwanini, akajibiwa ni sheria. Akauliza sheria ipi, imeandikwa wapi, hakuna aliyemwonyesha. Kufika alikokwenda kanunua sindano na mkasi mwingine wa saizi ileile kabisa, siku ya kurudi wakaangalia kwenye skena, wakafungua begi, wakapima, wakamrudishia wakamtakia safari njema. Mikasi ya saizi moja, kule ni silaha, huku ni kifaa. Huyu mama ni mtu mzima, hajui Kiingereza, lile jambo lilimuumiza sana maana alijiona kama mwizi aliyekamatwa, na zile kofia zilikaa bila kuguswa safari nzima ya kwenda wakati mteja anazisubiri kwa ajili ya Idi.

Mimi sipingi ukaguzi, na naomba nieleweke vizuri hapo. Ninajua ulikotoka. Septemba 11, 2001 watu waliteka ndege Marekani kwa visu vidogo na vile vikata maboksi, watu karibu elfu tatu wakafa, na baada ya hapo ulimwengu mzima ukaanza kuogopa kila chenye ncha. Halafu Agosti 2006 polisi wa Uingereza wakawakamata watu waliopanga kulipua ndege kwa milipuko ya majimaji ndani ya chupa za soda, ndo ikaja hii sheria ya mililita 100 na mfuko wa lita moja unaoona ndani, ambayo kwenye viwanja vingi mpaka leo inakufanya uiache chupa yako ya maji mlangoni. Hayo ni mambo ya kweli na watu walikufa. Ila baada ya ile hofu ya mwanzo wenye sheria walikaa wakafikiri. Wamarekani wenyewe waliopigwa, Desemba 2005 walirudisha mikasi midogo kwenye begi la mkononi, wakasema mkasi wenye makali yasiyozidi inchi 4, yaani kama sentimita 10, unapita, na sindano za kufumia na kroshia zinapita. Ulaya na Uingereza wao ni wakali zaidi kidogo kwenye mkasi, wanasema makali yasizidi sentimita 6, sindano za kushonea na za kufumia hawana shida nazo. Kwa hiyo fundi akija na mkasi wenye makali ya sentimita 5 na sindano zake anatakiwa apite London, apite Paris, apite New York. Halafu kwetu huku ambako kazi ya mkono ndo chakula cha watu, ndo anakwama.

Na hapa kwenye kupima ndo penye matatizo yenyewe. Ile sentimita 6 haipimwi kutoka kwenye pete ya kuingizia kidole mpaka kwenye ncha, inapimwa kuanzia pale kwenye skrubu, pale panapounganisha vyuma viwili, kwenda kwenye ncha. Mkasi mzima unaweza kuwa na urefu wa sentimita 12 na ukawa halali kabisa. Afisa asiyejua hili anauangalia kwa macho, anaona mkasi mrefu, anautupa. Fundi naye asiyejua anauangalia kwa macho, anaona mkasi mfupi, anaubeba, kumbe makali yake ni sentimita 8 na anakwenda Ujerumani. Wote wawili wanakisia. Rula ya plastiki ya mtoto wa shule bei yake haifiki hata nauli ya bodaboda na ingemaliza ugomvi wote pale mezani.

Vitu vingine havina mjadala na ninawaambia mafundi wenzangu waziwazi wasijaribu. Wembe. Jamani mafundi cherehani wetu kila mmoja ana wembe wa kufumulia mishono, umefungwa kwenye karatasi yake ndani ya kikasha cha sindano, umekaa humo miaka, hata umeshausahau, na ule ukionekana kwenye skena unafunguliwa begi zima na mtu wa zamu ana haki. Vilevile kile kisu cha gurudumu cha kukatia vitambaa ambacho wanakitumia wanaoshona mashuka ya viraka, hakiingii na kisu chake, utoe lile gurudumu uliweke kwenye begi linalokwenda chini. Na kuna kile kikatio cha uzi cha duara kinachovaliwa shingoni kama kidani, kinaonekana pambo tu lakini ndani kina kisu chembamba, Marekani hawakitaki kabisa kwenye begi la mkononi, kiende kwenye begi la chini. Patasi na visu vya wachongaji navyo vishuke chini, Ulaya kifaa chochote cha namna hiyo ambacho chuma chake kimezidi sentimita 6 hakipandi juu na wewe. Ukiviweka chini vifunge ncha zake kwa kitambaa kizito au gome la mnazi, maana kuna mfanyakazi anaweza kutia mkono humo akakatika.

Kwenye rangi na gundi naomba nikae kidogo maana huku hatari ni ya kweli kuliko ya mkasi, na watu wetu wengi wanafikiri ukishaiweka kwenye begi la chini umemaliza. Hujamaliza. Vijana wa makubadhi wanatumia ile gundi ya kiatu yenye harufu kali, ile ndani yake ina kimiminika kinachowaka kama petroli, mvuke wake unashika moto, haitakiwi juu wala haitakiwi chini. Thina hivyohivyo, tapentaini hivyohivyo, vanishi, rangi za kupuliza za makopo, zote hizo haziruhusiwi ndani ya ndege ya abiria popote utakapoziweka. Sababu yake inaeleweka ukielezwa, kila kimiminika kina joto ambalo likifika mvuke wake unaweza kushika cheche, na cha tapentaini ni kama nyuzi 35 tu, yaani mchana wa kawaida wa Februari kwetu huku umekaribia hapo, na mpaka unaotumika kusema kitu hiki ni kimiminika cha kuwaka ni nyuzi 60. Sasa fikiria kopo linalovuja katikati ya mabegi mia mbili mahali ambapo hakuna mtu wa kuzima.

Hapo nawahurumia sana wachoraji wa Tingatinga. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza ile kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alichukua rangi za kung'aa za madukani, zile wanazopakia baiskeli, akachora kwenye mbao za hadibodi kwa sababu ndo zilikuwa rahisi kupatikana, na mpaka leo mng'ao wa Tingatinga unatokana na rangi za namna ile. Zile hazipandi ndege. Mchoraji akialikwa nje kuonyesha kazi mbele ya watu inabidi amwandikie mwenyeji wake mapema amnunulie rangi za kulekule, asitegemee kubeba zake, na anayemwalika naye ajue hilo asije akamlaumu mgeni kwamba kaja mikono mitupu. Rangi za maji na akriliki hizo hazina tabu, ila za kwenye begi la mkononi chupa zisizidi mililita 100. Na zile rangi za wasanii za kwenye tyubu zinazochanganywa na mafuta ya kitani au ya alizeti si za hatari, mafuta ya mimea hayashiki moto mpaka yapite nyuzi mia mbili na kitu, tatizo juu ya tyubu pameandikwa rangi ya mafuta na afisa akisoma neno mafuta anashtuka, kwa hiyo chapisha ile karatasi ya usalama inayotolewa na kiwanda uiweke pamoja nazo, itakusaidia kuliko maneno.

Wachora hina nao wana lao. Hina iliyokwisha kukorogwa ni uji, na uji kwenye macho ya ukaguzi ni kimiminika, kwa hiyo ile koni au kopo lisizidi mililita 100. Unga wa hina mkavu unabebeka, lakini anayekwenda Marekani ajue kwamba tangu Juni 30, 2018 unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350, kama ujazo wa kopo moja la soda hivi, unatakiwa uwe kwenye begi la chini, ukiubeba juu unaweza kufunguliwa, ukapimwa, na wakishindwa kujua ni nini haupandi. Si hina tu, hata unga wa muhogo, iliki iliyosagwa, udongo wa kufinyangia uliokaushwa ukasagwa. Pakiti isiyo na maandishi yoyote, imefungwa kwa gazeti, hiyo ndo inayoleta maswali marefu. Andikeni jina la kitu juu yake jamani, na ikiwezekana kiwe kwenye pakiti ya dukani.

Asali, samli, achari, mafuta ya nazi hata yakiwa yameganda kwa baridi, vyote vinahesabiwa vimiminika. Hilo nadhani wengi sasa wanalijua.

Pawabenki na betri zinataka maneno machache lakini muhimu, maana mafundi wa leo wana mikasi ya betri, taa za kushonea za kuchaji, mashine ndogo za kutoboa shanga. Betri ya ziada na pawabenki haziwekwi kamwe kwenye begi la chini. Watu wanafanya kinyume, wanaona begi la mkononi limezidi kilo 7 basi wanahamishia pawabenki chini. Sababu ya kubaki na wewe juu ni kwamba ikianza kutoa moshi wahudumu wanaiona na kuiwahi, huko chini nani ataiona? Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua Korea Kusini ikiwa bado haijaruka, na wachunguzi wakaelekeza macho kwenye pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu, tangu hapo mashirika mengi yamekaza kamba, Emirates tangu Oktoba 2025 abiria anaruhusiwa moja tu isiyozidi wati-saa 100, hicho ni kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri, na haruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Hii ya kawaida iliyoandikwa 20,000 mAh ni kama wati-saa 74 kwa hiyo ipo ndani ya kipimo, ila hakikisha maandishi hayajafutika maana zikifutika namba wanaichukua.

Nije kwenye vitu vyenyewe vilivyokwisha kutengenezwa, hivi ambavyo ndugu na wageni wanabeba kama zawadi. Rungu la Kimasai halipandi juu, mkuki haupandi juu, jambia ambalo wazee wetu wenye asili ya Oman wanalipenda na linavaliwa harusini nalo ni kisu tu mbele ya ukaguzi hata kama ala yake ni fedha tupu na limerithiwa vizazi vitatu. Nimeshuhudia mzee wa watu akibembeleza kwa machozi aachiwe jambia la marehemu baba yake kwa sababu begi lake la chini lilikuwa limeshakwenda. Hakuna aliyemwambia pale alipokabidhi begi. Mwenye kuuza mikuki na marungu kwa watalii naye anatakiwa amwambie mteja, hiki weka begi la chini, ni sentensi moja tu.

Vinyago vya mpingo vinabebeka vizuri tu, ila watu wajue kwamba mpingo na jamii yake yote uliingia kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na utaratibu uliorekebishwa 2019 unaruhusu vitu vilivyokwisha kutengenezwa visivyozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja vipite bila kibali cha CITES. Hapo nazungumzia CITES, taratibu za misitu za nchini ni jambo jingine, kwa hiyo risiti ya dukani itunze. Gamba la ng'amba na kasa yeyote, pembe za ndovu, hivyo usiguse wala usinunue, ni kesi ya jela na ni haki. Matumbawe magumu nayo yamo kwenye orodha, na mikufu ya matumbawe inauzwa ufukweni kila siku kwa wageni ambao hawajui wanajiingiza kwenye nini. Na vile vidonge vya mkaa wa kufukizia udi, vinavyojiwasha vyenyewe ukivigusisha kiberiti, acha nyumbani, udi wenyewe beba, mkaa utaupata huko uendako.

Kuna la mifuko pia. Tanzania bara tangu Juni 1, 2019 wamepiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya waliwatangulia Agosti 2017, na ni jambo jema, nalisifu. Lakini ukaguzi wa ndege unataka vile vimiminika viwe kwenye mfuko unaoona ndani wenye zipu. Serikali ya Tanzania wakati ule ilisema vizuri kabisa kwenye tangazo lake kwamba mfuko ule wa zipu wa vifaa vya abiria hauguswi kwa kuwa mwenyewe anarudi nao. Bado nakutana na watu wanaouficha kwa hofu, au wanabeba chupa zao zimetapakaa kwenye begi zima, wakifika wanachelewesha mstari.

Na anayebadilisha ndege njiani aelewe jambo hili, kupita Zanzibar au Nairobi hakumaanishi kwamba utapita Doha au Addis Ababa au Istanbul, pale unakaguliwa upya kwa sheria ya pale. Kuna sehemu zimeshanunua mashine mpya za kuona ndani ya begi pande zote, kwa mfano Edinburgh tangu Julai 2025 wameruhusu chupa za hadi lita mbili, sasa mtu anatoka Edinburgh na chupa yake kubwa ya rangi ya maji, anafika uwanja wa katikati, inatupwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linatoa viwango vya jumla ila kila nchi inaandika orodha yake na inaruhusiwa kuwa kali zaidi, na juu ya hapo afisa aliye mezani ndo mwenye neno la mwisho. Hilo la neno la mwisho silikatai, lazima awepo mtu wa kuamua. Ninachosema, aamue kwa kitu kilichoandikwa ambacho mimi na yeye wote tunaweza kukisoma.

Kwa hiyo naomba haya kwa wahusika wa viwanja vya ndege vya nchi zetu zote zinazozungumza lugha hii. Bandikeni orodha kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa na picha, na msiibandike pale kwenye skena ambapo begi la chini limeshaondoka, ibandikeni nje mlangoni na pale kwenye kaunta za kukabidhi mizigo, ambapo mama bado anaweza kufungua begi lake akahamisha mkasi. Kiswahili kimepewa siku yake duniani, Julai 7, viongozi wanakitumia kuhutubia Umoja wa Afrika, itakuwaje kisitoshe kumwambia fundi wa kofia kipi kinapita na kipi hakipiti? Tiketi zinauzwa kwa simu siku hizi, ujumbe wa kuthibitisha tiketi unakuja na mambo chungu nzima ya kilo na saa za kufika uwanjani, ongezeni mistari miwili hapo kuhusu mikasi, wembe, gundi na pawabenki.

Wekeni rula mezani. Nimeshasema.

Halafu kuna hili la kutupa. Kitu cha mtu kisicho haramu, ambacho kosa lake ni urefu wa makali tu, kwanini njia pekee iwe pipa? Kuna viwanja nje ambako abiria anapewa bahasha analipia posta kitu chake kinatumwa kwake nyumbani, au anakiacha kwa risiti akarudi kukichukua. Sisi posta tunayo, na mara nyingi nje pale kuna shemeji au mtoto aliyemsindikiza abiria bado hajaondoka, mpigieni simu aje achukue. Mkasi wa fundi wa miaka mingi umeshamkaa mkononi, na wengine wamerithi wa mama zao. Yule mama niliyemtaja aliomba apewe dakika tano tu amwite kijana wake aliyekuwa kwenye maegesho, akakataliwa.

Na ofisi zinazotusaidia sisi wajasiriamali, SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, na maofisa maendeleo ya jamii na hao wanaotupeleka kwenye maonesho, semina zenu zinatufundisha kutunza vitabu vya hesabu na kutafuta masoko ya nje, tunashukuru sana, basi siku moja ya semina leteni mtu wa usalama wa anga akae na sisi, aone sindano ya kofia ni ipi na kroshia ni ipi, na sisi tumwulize. Naamini wengi wa hawa maofisa wakishika ile kofia wakaona kazi yake hawataitazama sindano kwa jicho lile tena, wengine mama zao wenyewe wanashona.

Mhariri, nakuomba hii barua uitoe na kama utaweza uwatumie wenye viwanja watujibu hapahapa gazetini, maswali yangu ni matatu na yote yanajibika kwa mstari mmoja mmoja: mkasi kwenye uwanja wenu unapimwa kuanzia wapi na mwisho wake ni sentimita ngapi, sindano ya kushonea kwa mkono inaruhusiwa au hairuhusiwi, na ile mikasi na sindano zinazotupwa kwenye pipa kila siku zinakwenda wapi?

Wako,
Fundi wa kofia,
Ng'ambo, Zanzibar